Bangili Tatu za Ba

Neno la kwanza nililolielewa dukani bila kuelezwa na mtu lilikuwa tola.

Nilikuwa nimefika Kampala kutoka hapa Nakivale, nina miaka 21, cheti changu cha sekondari kiko ndani ya plastiki. Dada mmoja wa kanisani aliniombea kazi kwenye duka la sonara wa Kihindi. Kazi yenyewe haikuwa kubwa: kufuta vioo, kupika chai ya maziwa na tangawizi, kufungulia wateja mlango, na jioni kusugua vito kwa kitambaa laini kabla ya kurudishwa kwenye sanduku la chuma. Siku ya pili nikasikia bosi anamwambia mteja, "Hii ni tola tatu." Nikasimama na sinia ya chai mkononi. Tola! Hilo ni neno la mjomba wangu. Mjomba alichimba dhahabu Misisi, kule kwetu Fizi, Kivu ya Kusini, na wanunuzi wa kule wanahesabu hivyo hivyo kwa tola. Nilikua nikidhani ni neno la kwetu. Kumbe limetoka India. Tola moja ni gramu 11.66.

Nawaandikia habari za duka hilo kwa sababu mwezi wa nane mimi nitaolewa, na nyumbani tumegombana juu ya nitakachovaa shingoni. Shangazi wa mchumba wangu anataka nikodi seti kubwa inayong'aa, ili picha zikifika kwa ndugu walioko Kanada waone kwamba sisi nasi tuko watu. Mama hataki. Mimi nilikuwa katikati. Kilichonisaidia kuamua ni bibi harusi mmoja wa Kihindi na bibi yake, ambao niliwapikia chai kwa siku nne. Ndugu msomaji, nisikilize mpaka mwisho, maana habari hii inaanzia mbali lakini inarudi kambini.

Kwa wale ambao hawajaona harusi ya Kihindu kwa karibu, nieleze kidogo. Kwanza hakuna harusi moja ya Kihindi. Wagujarati wana yao, Wapunjabi wana yao, Watamil wana yao, na Waislamu wa India na Pakistani wana yao pia. Lakini vito vingi vinafanana. Kwenye paji la uso, pale nywele zinapogawanyika, inaninginia tika. Puani inavaliwa nath, pete kubwa yenye mnyororo mwembamba unaofungwa kwenye nywele karibu na sikio. Shingoni ni vidani, mara nyingi viwili, kimoja kifupi na kingine kinachoshuka kifuani. Mikononi ni bangili nyingi. Miguuni ni vikuku na pete za vidole, na hivi ni vya fedha, siyo dhahabu, kwa sababu dhahabu ni ya Lakshmi, mungu wao wa kike wa mali na neema, na haifai kuivaa chini. Halafu kuna mangalsutra, mkufu wenye shanga nyeusi ambao bwana harusi mwenyewe anamvalisha mke wake siku ya ndoa. Vito vingine vinaweza kurudi sandukuni kesho yake. Mangalsutra inabaki shingoni.

Bibi harusi wetu alikuja kutoka Leicester, Uingereza. Yeye ni muuguzi. Alikuja na mama yake, lakini aliyeingia wa kwanza, akakaa kwenye kiti cha mbele na kuomba chai isiyo na sukari, alikuwa bibi yake. Wote walimwita Ba, ndivyo Wagujarati wanavyomwita mama au bibi. Ba alizaliwa Jinja. Kiswahili chake kilikuwa cha zamani, kimenyooka kwa namna yake. Mimi aliniita dikri, yaani binti. Wenzake wakizungumza Kigujarati au Kiingereza cha haraka, yeye aligeuka akanitafsiria, kana kwamba nami nilikuwa mtu wa familia ninayepaswa kutoa maoni.

Ugomvi ulianza siku ile ile. Ba alitaka seti kamili ya kundan. Kundan ni kazi ya zamani ya India, mji wa Jaipur unasifika kwayo: mawe au vioo vinashikiliwa na karatasi nyembamba za dhahabu safi, na nyuma yake kunapakwa rangi za kuchomwa motoni, nyekundu na kijani, hata pale ambapo hapaonekani na mtu. Bosi alileta sinia moja, akaleta ya pili. Bibi harusi akavaa kile kidani, akajitazama kwenye kioo, akacheka. Akasema, "Ba, naonekana kama dirisha la duka."

Ba hakucheka.

Mama wa bibi harusi akaingilia kati. Maneno yake Ba alinitafsiria, lakini hata asingetafsiri ningeyajua, maana ndiyo yanayosemwa hapa Rubondo na Base Camp kila Jumamosi: watu watasema nini?

Bibi harusi alijieleza vizuri. Alisema kule anakofanya kazi, muuguzi akiwa zamu mikono yake lazima iwe wazi kuanzia kiwiko kushuka. Hakuna saa, hakuna bangili, pete ni moja tu isiyo na jiwe. "Mtaninunulia dhahabu ya tola kumi na tano," alisema, "nitaivaa siku moja, halafu nitalipia benki sanduku la kuifungia. Mimi nataka kitu ambacho nitakivaa nikiwa hai." Hakukataa mila. Alitaka tika, alitaka nath, alitaka mangalsutra. Alichokataa ni mzigo.

Bosi naye, namshukuru kwa hili, alisema ukweli ambao ungeweza kumpunguzia biashara. Alimwambia Ba kwamba kundan ni nzuri kwa macho, lakini ndani yake mna lakiri, na mizani inapima lakiri pamoja na dhahabu. Siku ukiwa na shida ukaenda kuiuza, mnunuzi anatoa lakiri, anatoa vioo, na kinachobaki ni kidogo. "Kama unataka urembo, chukua," alisema. "Kama unataka akiba, chukua dhahabu tupu ya karati 22." Karati 22 maana yake ni sehemu 22 za dhahabu katika 24, ndiyo sababu inapigwa muhuri wa 916. Ya karati 18 inapigwa 750, ni ngumu zaidi, na inashika mawe vizuri.

Aliposikia neno akiba, Ba alinyamaza kwa muda. Halafu akafungua mkoba wake, akatoa kitambaa, na ndani ya kitambaa mlikuwa na bangili tatu. Zilikuwa nyembamba, za dhahabu nyekundu kidogo, na moja ilikuwa imebonyea.

Akanigeukia. "Dikri, wewe ni mtu wa wapi?"

Nikamwambia, Mkongo, nimekulia Nakivale, kambini.

"Mimi pia nilikaa kambi," akasema.

Mwanzoni sikumwelewa. Mhindi mwenye familia yenye maduka, kambi gani? Ndipo akanisimulia. Aliolewa Jinja mwaka 1964, na siku ya harusi alivaa kidani, hereni, na bangili nyingi. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi waondoke Uganda, akawapa siku 90. Ruhusa ya kubeba pesa ilikuwa kama pauni 50 tu. Dhahabu haikuruhusiwa kutoka. Kwenye barabara ya kwenda uwanja wa ndege wa Entebbe kulikuwa na vizuizi vya askari, kimoja baada ya kingine. Kwenye kizuizi cha kwanza walichukua kidani. Kwenye cha pili waliambiwa wavue hereni wenyewe. Bangili nne zilipona kwa sababu Ba alikuwa amezifunga ndani ya nepi ya mtoto wake mchanga. "Huyo mtoto," akasema, akimwonyesha bibi harusi kwa kidole, "ni baba yake huyu. Alilia njia yote. Dhahabu ilimchoma tumbo."

Zaidi ya watu 27,000 walifika Uingereza kwa namna hiyo. Serikali ya kule ilifungua kambi 16 za muda, nyingi zikiwa kambi za zamani za jeshi, na wakimbizi wa Uganda wakawekwa humo na vitanda vya chuma na blanketi za msaada. Halmashauri ya mji wa Leicester ilifika mpaka kulipia tangazo kwenye gazeti la Uganda, likiwaambia watu wasiende kule kwa sababu mji umejaa. Ba na mume wake walikwenda. Majira ya baridi ya kwanza, Ba aliuza bangili moja kati ya zile nne, akanunua cherehani. Kwa cherehani hiyo alishona nguo za kiwanda nyumbani usiku, na ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba. Miaka mingi baadaye, serikali ya Museveni ilipowaita Wahindi warudi na kuwarejeshea mali, mtoto wake mmoja alirudi Kampala, na yeye akarudi naye.

Nilikuwa nimeshika birika. Nikamwambia Ba habari ya mama yangu. Tulipokimbia kutoka Uvira nilikuwa na miaka 12. Mama alikuwa na hereni mbili za dhahabu, alizopewa na baba siku ya harusi yao. Bujumbura tulikuwa hatuna hata faranga. Mama akaenda sokoni kwa mnunuzi wa dhahabu, akauza hereni moja. Siyo mbili, moja. Ilitosha nauli ya watu watano. Ile nyingine anayo mpaka leo, imefungwa kwenye kipande cha kitenge chini ya godoro. Hajaivaa tena, maana utavaaje hereni moja?

Ba alitikisa kichwa namna wanavyofanya wao, upande kwa upande. "Mama yako ana akili," akasema. "Hiyo ndiyo kazi ya dhahabu ya bibi harusi."

Baadaye bosi alinieleza kwamba jambo hili lina jina katika sheria za kale za Kihindu. Linaitwa stridhan, mali ya mwanamke. Vitu anavyopewa bibi harusi na wazazi, ndugu na marafiki ni vyake yeye, siyo vya mume, siyo vya mama mkwe. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya India iliamua hivyo waziwazi: mume au wakwe wakishikilia vito vya mke wanakuwa watunzaji tu, na wakikataa kurudisha ni kosa la jinai. Lakini nisiwadanganye kwamba kila kitu kule ni kizuri. Kuna pia mahari ambayo huko inatoka kwa upande wa mke kwenda kwa mume. Sheria iliipiga marufuku tangu 1961, lakini watu wanaendelea nayo, na wanawake wanateswa, wengine wanauawa, kwa sababu ya dhahabu isiyotosha. Kwa hiyo dhahabu ile ile inaweza kuwa ngao ya mwanamke, inaweza pia kuwa kitanzi chake. Inategemea ni ya nani na nani aliilazimisha.

Siku ya pili walirudi. Ba hakutaja kundan tena. Alileta boksi lenye seti nzito ya karati 22 aliyonunua Leicester miaka ya themanini, maisha yalipotengemaa. Tola 12. Aliivaa kwenye harusi nne au tano, basi. Bibi harusi alikuwa ameuliza swali usiku, na sasa akamwuliza bosi mbele yetu: dhahabu mpya ya dukani inatoka wapi?

Bosi akajibu kwamba yeye ananunua Dubai na karatasi anazo. Nami nilikuwa nafuta kioo, nikaendelea kufuta mahali pale pale. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwa miaka mingi kwamba dhahabu nyingi inayochimbwa kwa mikono mashariki ya Kongo inatoka kwa njia za panya, inapita nchi jirani, inafika Dubai. Kutoka hapo inaingia kwenye soko la dunia, na India ni moja ya nchi zinazonunua vito vya dhahabu kuliko nyingine. Sisemi dhahabu ya duka lile ilikuwa ya kwetu. Sijui, na bosi alinitendea vyema. Nasema tu kwamba dhahabu ikishayeyushwa haina kijiji. Mjomba wangu alifukiwa na udongo wa Misisi, akatolewa akiwa hai, na mguu wake haujapona. Hakuna mhuri unaosema hivyo. Mhuri unasema 916.

Bibi harusi akasema, "Basi tuyeyushe ya Ba."

Na hapo ndipo walipoamua jambo ambalo mimi nalichukua kama fundisho. Ile seti ya tola 12, ambayo ilikuwa na uzito lakini haikuwa na habari, waliibadilisha. Zile bangili tatu, ambazo zilikuwa nyepesi lakini zilipita Entebbe ndani ya nepi, hawakuzigusa. Hata ile iliyobonyea hawakuinyoosha. Bosi alitaka kuinyoosha bure, Ba akamzuia kwa mkono.

Siku ya kuyeyusha Ba alikataa kwenda nyumbani kula. Alivuta kiti cha plastiki mpaka chumba cha nyuma cha sonara, akakaa hapo. Seti ilipimwa mbele yake kabla ya kuingia motoni, ikapimwa tena ilipotoka. Ilipungua kidogo, kwa sababu vito vya zamani vina viungo vilivyounganishwa kwa risasi ya sonara ambayo siyo dhahabu safi. Sonara alieleza, Ba akaandika namba zote mbili nyuma ya risiti. Siyo kwamba alimshuku. Alisema, "Mimi namwamini. Lakini namwamini nikiwa nimekaa."

Kutoka kwenye dhahabu hiyo walitengeneza vitu vinavyoweza kubadilika. Hereni za kengele, zile zinazoitwa jhumka, ambazo kengele ya chini inachomolewa na kinachobaki ni kipini kidogo cha sikio cha siku za kazi. Tika inayotoka kwenye mnyororo wake na kugeuka kidani kidogo cha shingoni. Kidani cha nyuzi mbili zinazotengana, moja ya kwake, moja atakayempa binti yake akijaliwa. Nath ya kubana, maana pua yake haikutobolewa na hakutaka kuitoboa kwa siku moja. Na mangalsutra fupi, nyembamba, yenye shanga nyeusi na kipande cha dhahabu kisichozidi punje ya haragwe, ambayo inakaa chini ya sare ya uuguzi bila kuonekana.

Zikabaki bangili nyekundu na nyeupe za kuchanganya na zile tatu. Hizo zilikuwa za plastiki. Mama wa bibi harusi aliona aibu kidogo, lakini Ba akamwambia jambo ambalo sikulisahau. Mama yake Ba, aliyeolewa Gujarat, alivaa bangili za pembe ya ndovu. Ndiyo ilikuwa desturi ya huko: bibi harusi alivalishwa pembe, na mara nyingi akifa zilichomwa naye, au akifiwa na mume zilivunjwa. Kwa hiyo kila kizazi kilihitaji pembe mpya. Na pembe hizo zilitoka wapi? Karne ya 19 nyingi zilitoka kwetu. Zilitoka Maniema, zikavuka ziwa Tanganyika mpaka Ujiji, zikapita Tabora mpaka Bagamoyo mabegani mwa watu, wengine wapagazi, wengine watumwa. Unguja zikapakiwa kwenye majahazi na meli kwenda Bombay. Hapo nilipokuwa nimesimama na birika langu nilifikiri juu ya hayo. Mababu zetu walibeba harusi za watu mabegani, nao wenyewe hawakualikwa.

Leo biashara ya pembe kati ya nchi na nchi imekatazwa, mataifa yalikubaliana hivyo mwaka 1989. Bibi harusi wa sasa anavaa plastiki yenye rangi ile ile. Ba akauliza, "Sasa nani anasema hawa wa plastiki hawakuolewa?" Hakuna aliyejibu. Mila ilikwisha kubadilika mara moja, tena ikawa bora, na jua halikuanguka.

Kwenye harusi mimi sikuwepo. Niliona picha kwenye simu ya bosi. Bibi harusi alivaa sari nyeupe yenye pindo jekundu, tika katikati ya paji, na mkono wa kushoto zile bangili tatu katikati ya nyekundu na nyeupe. Ukivuta picha ikawa kubwa, unaiona ile iliyobonyea. Hakuna mtu pale aliyeonekana maskini.

Mwaka uliofuata mama aliumwa, nikarudi Nakivale. Sasa nafanya kazi na vijana, na kila Alhamisi tunakaa na wasichana tunashona shanga na kuzungumza. Harusi ndiyo mazungumzo ya kila wiki. Niliwahi kuwasimulia habari ya stridhan, na binti mmoja, ambaye ameniruhusu kuandika bila kutaja jina, akaanza kulia. Yeye aliolewa na miaka 19. Baba yake aliuza mbuzi wawili akamnunulia hereni. Wiki ya pili mama mkwe aliziomba "azitunze," na mpaka leo hajaziona. Anaogopa kuuliza. Alisema, "Nilidhani ukishaolewa na wewe mwenyewe ni mali yao, sasa hereni ni nini?" Nasi hatuna mahakama ya juu hapa Rubondo. Lakini tunaweza kusema mbele ya mashahidi, siku ile ile ya harusi, wazee wakisikia: hiki amepewa fulani, ni chake. Kusema hivyo hakuna gharama. Tumefanya hivyo kwenye harusi mbili tayari, na mchungaji aliandika vitu vile kwenye daftari.

Nawaambia pia wasichana wetu yale niliyojifunza kwa Ba na kwa bosi. Ukinunua kitu cha dhahabu, hata kidogo, uliza karati, tazama mhuri, pima mbele yako, na weka risiti. Ukikiyeyusha, kaa hapo. Kama ni cha kupakwa rangi ya dhahabu tu, hakuna dhambi kukivaa, lakini usikilipie kama akiba. Chagua kitu ambacho utakivaa tena Jumatatu. Na kabla ya kubadilisha kitu cha mama au bibi, muulize kwanza kilipita wapi. Huenda uzito wake siyo ule wa mizani.

Sasa nirudi kwenye ugomvi wetu. Seti ya kukodi hapa ni shilingi 80,000 kwa siku moja, na amana ya 100,000. Ni ya shaba iliyopakwa, ina mawe mekundu, na imekwisha kuonekana shingoni mwa mabibi harusi wengi ambao nyote mnawajua. Shangazi wa mchumba wangu aliisifu sana. Nilimsikiliza kwa heshima, kisha nikamwambia, "Shangazi, nipe wiki moja nizungumze na Mama."

Nikamwomba Mama ile hereni.

"Weye, hii hereni haiyeyushwe," Mama akasema kabla sijamaliza.

"Mama, sitaiyeyusha."

"Sasa utaivaa namna gani? Sikio moja, kama nani?"

Nikamweleza habari ya bangili iliyobonyea. Alisikiliza, akauliza maswali mengi juu ya mtoto aliyelia njia yote, kama kawaida ya akina mama. Halafu akainua godoro.

Wasichana wa Alhamisi walitunga mkufu wa shanga nyeupe ndogo, nyuzi tatu, na hereni tukaining'iniza katikati, kooni, ilivyo, na ndoano yake. Mara ya kwanza ilielemea upande, tukafungua tukatunga upya. Mama mwenyewe ndiye aliyenifunga nyuma ya shingo. Nikamwambia kwamba ile nyingine iliyobaki Bujumbura labda iliyeyushwa, ikafika Dubai, ikafika India, na sasa ni sehemu ya bangili ya bibi harusi fulani.

Mama akafikiri. "Kama ni vile," akasema, "imuletee heri."

Shangazi alikuja Jumapili kuuona mkufu. Aliugeuza geuza, akauliza hereni ni ya karati ngapi, nikamwambia sijapima. Mama akamsimulia habari ya soko la Bujumbura, tangu mwanzo. Shangazi hakusema kwamba amependa, lakini hakutaja tena seti ya kukodi. Zile 80,000 tumelipia turubai, maana mwezi wa nane huku mvua zinaweza kuanza mapema.